Aliyemsemea Mwalimu Salehe

Masaki, Kisarawe
Jumatano, Mfunguo Nne, 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Hemedi bin Adamu, Misugusugu.

Shikamoo kaka. Nakuamkia wewe kwanza, kisha wifi Mwanamkuu, kisha Biasha na wadogo zake, kila mmoja kwa nafasi yake. Natumaini mguu wa wifi umepoa, na kwamba nguruwe wamewaachieni japo kidogo katika ile mihogo ya bondeni. Ukipenda kujua habari za huku, sisi ni wazima kwa kadiri mtu anavyoweza kusema ni mzima. Mwanetu Mwanamvua ameng'oka meno ya mbele na anaona fahari kumwonyesha kila apitaye. Shemeji yako Salehe anakula, anaswali, analala. Nyumba tuliyopewa na jamaa zake inavuja upande wa jikoni tu, na mvua bado.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, sasa ni siku kumi na moja, mkononi mwa dereva wa lori la korosho. Nisamehe kwa kuchelewa kuijibu; ilikuwapo kazi iliyopaswa kutangulia jibu, na utaiona mbele. Niliisoma peke yangu uani, na Salehe nikamsomea zile salamu tu. Umeniandikia kwamba posa ya Twalibu kwa binti yako umeirudisha, kwamba Biasha amelia na utamwacha alie mpaka achoke, na kwamba nyoka hakaribishwi harusini. Umesema unajua ni Twalibu aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kumsemea Salehe ili apewe darasa lake, kwa kuwa darasa kweli alipewa yeye. Ukataka mimi nikuthibitishie, kwa sababu wazee wa upande wa Twalibu huko Mlandizi wanakuomba ushahidi.

Swali lako nitalijibu, kaka. Ila nivumilie nianze mbali kidogo. Jibu nikilitaja peke yake utalichukua vibaya. Huenda hata likija na habari zake zote utalichukua vibaya vilevile, lakini hapo utakuwa umechukua kitu kizima.

Salehe unamjua kabla yangu. Mlikaa dawati moja, na wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwa baba ukasema huyu ana akili na hana maneno mengi. Ulisema kweli. Katika shule ile ya kati hapakuwa na mwalimu wa hesabu aliyependwa kama yeye. Wanafunzi wa darasa la nane walikuwa wake tangu darasa la sita, na mwezi wa kumi na moja ndio wanaofanya mtihani wa kuingia la tisa. Alikuwa akisema hili ndilo darasa lake la kwanza alilolilea mwenyewe mpaka mwisho.

Mambo yalianza mwaka jana, kipindi cha mvua za vuli. Kilikuja kitabu kipya cha aljebra chenye maandishi madogo. Salehe akawapa wanafunzi kazi ya kutafuta namba moja isiyojulikana: nusu yake ukiijumlisha na theluthi yake upate kumi. Darasa zima likaleta kumi na mbili. Salehe aliposahihisha akakuta jibu ni kumi na sita, akawakosesha wote isipokuwa mmoja, ambaye kumbe alinakili swali vibaya. Akakasirika, jambo ambalo si kawaida yake. Akawaweka darasa zima wapalilie mihogo ya shule mpaka alasiri, akiwaambia kwamba watu waliofundishwa jambo moja kwa majuma mazima hawana haki ya kulikosa pamoja.

Jioni ile Twalibu alikuja nyumbani. Wakati huo alikuwa akifundisha jiografia chumba cha pili, na daftari la mwanafunzi mmoja lilikuwa limemfikia. Alibisha hodi kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti, akazunguka sana kabla ya kusema alichokijia. Mwisho akasema huenda kitabu cha mwalimu kina makosa ya chapa, maana katika vitabu vya wanafunzi chini ya mstari ipo tatu, na kwa tatu jibu ni kumi na mbili. Salehe akachukua kitabu, akakisogeza usoni, akakipeleka dirishani, akarudi. Akasema ni kweli, alikuwa amechoka. Akamshukuru. Kesho yake akasimama mbele ya darasa akawaambia kosa lilikuwa lake.

Nimekutajia habari hiyo kwa sababu najua ndiyo iliyopotoshwa mpaka ikafika Misugusugu kwamba Twalibu alikuwa akimchimba. Alikuja mara moja, akasema na mwenyewe, faraghani, na hakurudia.

Twalibu alipoondoka Salehe aliniita. Akaniambia kwamba ile tatu yeye ameiona nane. Theluthi ameiona thumni, na kwa bahati mbaya hata thumni inatoa jibu zima lisilobakiza kitu, ndiyo maana hakushtuka. Akaniambia kwamba herufi kubwa anaziona, nyuso anaziona zikiwa mbele yake, lakini kwa miezi mingi sasa namba ndogo zinazokaa juu na chini ya mstari zimekuwa kama sisimizi. Nikamwambia twende hospitali Dar es Salaam. Akasema akienda hospitali ataandikiwa cheti, na cheti kitafika kwa mwalimu mkuu kabla yeye mwenyewe hajarudi. Nikaliacha hapo. Alikuwa mume wangu na yalikuwa macho yake.

Tangu siku ile nikawa macho yake kwa yale yanayosomwa. Baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukitandika mkeka nyuma ya nyumba, mimi na kitabu na rundo la madaftari, yeye amelala chali amefumba. Nilisoma, naye akanieleza niweke vema au kosa. Wewe ndiye uliyemgombania baba mpaka nikafika darasa la nne, kaka, lakini la nne halina aljebra. Mara ya kwanza nilimuuliza hii eksi imefuata nini katika hesabu. Akasema ni mgeni aliyeingia barazani bila kutaja jina, na kazi yetu ni kumjua kwa kuangalia amekaa na nani.

Tuliharibu kazi nyingi mwanzoni. Nakumbuka swali moja: eksi ongeza sita, gawa kwa tatu, ni sawa na nane. Mimi nililisoma hivyo hivyo, kwa pumzi moja. Yeye akasikia kwamba ni sita peke yake inayogawiwa kwa tatu, akapata eksi ni sita. Wanafunzi wakawa wameandika kumi na nane. Nikaweka makosa madaftari karibu yote kabla sijaona kwamba mstari kitabuni ulikuwa mrefu, umewabeba eksi na sita pamoja. Nikamwambia, "Ngoja, hawa wawili wamelala kitanda kimoja, tatu iko mvunguni." Alicheka mpaka akaketi. Kuanzia hapo tukawa na lugha yetu ya kusoma sehemu: nani yuko kitandani, nani yuko mvunguni, nani kalala sakafuni peke yake. Ukitusikia ungedhani tunasema watu. Nitakuambia kweli, kaka, ile ndiyo miezi niliyokaa vizuri na Salehe kuliko yote, na sijui niiweke wapi nikikumbuka mwisho wake.

Pole pole nikaanza kuelewa mwenyewe. Salehe ana njia moja tu ya kufundisha milinganyo ya sehemu, na hachoki kuirudia. Tafuta namba ambayo asili zote, zile namba za mvunguni, zinaingia ndani yake bila kubakiza. Zidisha nayo kila kilichopo, upande huu na upande ule, na sehemu zitaondoka zenyewe. Asirukwe mtu, husema. Wanafunzi huwa wanamruka yule aliye namba nzima, kwa kuwa hana mstari wala mtu mvunguni, wanadhani hahusiki. Kosa hilo nililiona katika madaftari hata nikawa nalinusa kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Darasani alikuwa akitegemea kichwa chake. Nilimsomea maswali alasiri, asubuhi akayaandika ubaoni kwa herufi kubwa bila kushika kitabu, na watu wakasema mwalimu huyu ana kipaji. Kazi za wanafunzi ubaoni alitaka zisomwe kwa sauti. Hilo nalo wakaliona ni mtindo wake.

Mwezi wa sita mwaka huu alisahau kofia nyumbani. Jua lilikuwa kali, nikampelekea. Nilipofika dirishani kwake kipindi kilikuwa kinaendelea, nikasimama kusubiri. Mwanafunzi mmoja alikuwa ubaoni. Swali lilikuwa robo ya eksi, ongeza mbili, ni sawa na tano. Akazidisha robo kwa nne, akazidisha tano kwa nne, ile mbili akaiacha kama ilivyo, akamaliza na kuandika eksi ni kumi na nane. Nilingoja Salehe aseme. Salehe alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka ubaoni, uso wake ameuelekeza kwenye chaki, anatabasamu. Akaomba isomwe.

Kiranja wa darasa akasimama. Hakusoma kilichoandikwa. Alisoma kilichopaswa kuandikwa: eksi ongeza nane ni sawa na ishirini, eksi ni kumi na mbili. Alisoma kwa sauti nzuri, bila kusita, kama mtu aliyezoea. Salehe akasema, "Vizuri sana. Nakilini." Na wote wakainama wakanakili kutoka ubaoni ile kumi na nane.

Hakuna aliyecheka. Nilitazama nyuso zao nikitafuta hata mmoja mwenye kejeli, sikumpata. Walikuwa wanamficha. Kumsahihisha mwenzao ubaoni kungekuwa kumwambia mwalimu kwamba hakuona, basi walikubaliana kutosahihisha. Wajuzi, kama yule kiranja, walijua jibu na wangeenda nalo. Wengine, ambao ndio wengi, walikuwa wanaandika kosa katika daftari na kulichukua kwao kama ilimu. Nikaiacha kofia kwenye kizingiti cha dirisha, nikarudi nyumbani.

Alasiri nilimwambia nilichokiona. Sikumficha kitu. Akauliza kiranja alisomaje. Nikamwambia. Akasema yule ni mtoto mwema. Nikasema ni mwema, lakini wenzake watafeli. Akasema imebaki miezi michache, mtihani ukipita ataomba likizo mwenyewe kwa heshima yake, na likizoni ataandika barua ya kuacha. Nikamwomba basi amwite Twalibu washike darasa pamoja, yeye aseme, Twalibu atazame ubao. Akasema mwalimu wa kutazamiwa ubao si mwalimu. Nikasema tena juma lililofuata. Akasema tena hivyo hivyo. Mara ya tatu aliniambia nisimsemeshe tena habari hiyo, na sikumsemesha.

Madaftari yaliendelea kuja. Niliyasoma na kuyahesabu moyoni: wangapi wamemruka aliye namba nzima. Walikuwa wanaongezeka. Salehe alisikia makosa hayo kutoka kinywani mwangu na aliyarudia darasani kila siku kwa maneno, na maneno yake yalikuwa sahihi. Ubaoni palibaki hivyo hivyo.

Sasa nafika ulipotaka nifike.

Siku moja ya mwezi wa saba, asubuhi, Salehe akiwa darasani, nilivaa kanga zangu nzuri nikaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Zahoro. Nilijua saa ile huwa anapitia kwake kunywa chai. Mkewe, Bi Zena, alikuwa barazani anapeta mchele, akanipa kiti. Mwalimu Zahoro alipokuja nikamwamkia, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba mume wangu haoni ubao, na kwamba darasa la nane linanakili makosa. Sikusema zaidi ya hayo. Aliniuliza kama Salehe ndiye aliyenituma. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nafahamu kwamba nyumba tunayoishi ni ya shule. Nikasema nafahamu. Akaiacha chai yake ipoe. Bi Zena aliacha kupeta, akanitazama kama mtu anayemtazama mwenziwe aliyevua nguo sokoni. Nikaaga.

Nilipokuwa nashuka barazani, Twalibu alikuwa anapita na ramani zake kwapani. Aliniamkia, nikaitikia, akapita.

Ni mimi, kaka. Hakuwa Twalibu, wala wanafunzi, wala adui yeyote. Aliyemsemea Salehe ni mkewe, mdogo wako, tena kwa miguu yake mwenyewe, mchana, baada ya kufikiri.

Yaliyofuata umeyasikia. Mwalimu Zahoro aliingia darasani, akakaa nyuma, akamwomba Salehe amsomee mstari uliokuwa ubaoni. Wanafunzi wakainuka karibu wote wakitaka kumsomea, akawaambia wakae. Salehe alisimama mbele ya ubao ule mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akamwambia, "Basi, Mwalimu. Inatosha." Alirudi nyumbani mapema. Alinieleza habari hiyo akiwa ameshika nguzo ya mlango, kisha akaniuliza nadhani ni nani. Nikasema sijui. Hilo nalo nimelisema, na liandikwe juu yangu.

Walimpeleka hospitali Dar es Salaam. Daktari alisema maji ya ndani ya jicho yamezidi na yameukandamiza mshipa wa kuonea. Jicho la kulia limekufa. La kushoto limebakiwa na kipande kidogo, na akiwekewa dawa ya matone kila siku huenda kipande hicho kikadumu. Alisema pia kwamba angefika mwaka jana angeondoka na zaidi. Sasa naona watu watakaopata habari hii watanitengenezea udhuru mzuri, watasema Mwanajuma alisema ili mumewe apelekwe kwa daktari. Usiwaruhusu. Mambo ya maji ya jicho sikuyajua wakati ule. Nilikwenda kwa sababu ya ile kumi na nane iliyonakiliwa na darasa zima. Isingekuwa ile, ningeendelea kumsomea mpaka mwezi wa kumi na moja, na jicho la kushoto lingekwenda na la kulia, na mimi ningekuwa mke mwema.

Kuhusu Twalibu, elewa yafuatayo. Darasa alipewa kwa amri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Aliniona barazani kwa Mwalimu Zahoro na siku ya pili alikuwa ameshajua maana yake. Watu walipoanza kumnyooshea kidole hakujitetea. Siku tuliyohama nyumba ya shule alikuja kutusaidia kupakia magodoro, na Salehe hakumwitikia salamu. Nikamvuta pembeni nikamwambia nitasema ukweli. Akaniambia, "Shangazi, usiharakishe. Mwalimu Salehe anahitaji ndoa yake kuliko mimi ninavyohitaji harusi." Wakati huo posa yake ilikuwa bado mikononi mwako. Nilimsikiliza kwa kuwa maneno yake yalinifaa. Barua yako ilipokuja na habari kwamba posa imerudi, nikaona kwamba kunyamaza kwangu sasa kunalipiwa na watu wengine.

Ndiyo sababu sikukujibu upesi. Sikutaka Salehe ayasikie kutoka Misugusugu. Kesho yake asubuhi, baada ya kumtia matone, nilimwambia. Alikuwa bado ameinua uso juu, dawa haijakauka. Hakushusha uso. Aliniuliza kama ningekwenda kwa Mwalimu Zahoro endapo asingenifundisha. Nikasema nisingekwenda, kwa sababu nisingejua kwamba ubaoni kuna kosa. Akatikisa kichwa kidogo, kama afanyavyo darasani mwanafunzi akimletea jibu ambalo hakulitarajia.

Siku ile hakusema tena. Siku ya pili alizungumza na Mwanamvua tu. Siku ya tatu, tukiwa tunatoka msikitini, mkono wake begani kwangu, akasimama njiani. Akasema mambo mawili. La kwanza, Twalibu aombwe radhi, na yeye mwenyewe atamwandikia, maneno yake, kalamu yangu. Barua hiyo imekwisha kwenda. La pili, habari yangu mimi hataiamua sasa. Alisema mtu anayeongozwa kwa mkono hawezi kumhukumu aliyemshika mkono. Akimwacha ataanguka, na akimsamehe hatajua kama amesamehe au ameogopa kuanguka. Kwa hiyo anataka kwanza ajue kwenda msikitini na kurudi peke yake. Siku atakayokwenda na kurudi bila mtu, jioni yake atanikalisha aniambie kama bado mimi ni mke wake.

Sikuona la kupinga. Ni maneno ya haki, na angeyasema kwa mtu mwingine ningemsifu.

Kaka, sikuandikii ili unihurumie, wala sikuombi unitetee kwa jamaa. Ukitaka kunikasirikia, njia ya Masaki unaijua, na chai itakuwapo. Nakuandikia ili upande basi uende Mlandizi kwa wazee wa Twalibu, uwaambie umekosea, uipokee posa yao kwa mikono miwili, na harusi iwe baada ya maulidi kama ilivyopangwa. Unaweza kuwasomea barua hii yote. Sikuandika humu neno ambalo naogopa lisikike. Biasha mwambie shangazi yake anamtaka radhi kwa machozi ya bure, na kwamba mwanamume aliyenyamaza vile wakati kusema kungemfaa, amshike.

Wifi Mwanamkuu umpe salamu nyingi. Mwambie dawa ya mvuje kwa ajili ya mguu wake nimempatia, nitaituma na lori lijalo. Wadogo wote uwabusu. Salehe naye anakusalimu. Nimemuuliza nikusalimu vipi, akasema nikuandikie kwamba rafiki yako hajambo na atakuandikia akiwa na la kusema.

Njia ya msikitini aliipita utotoni kila siku, lakini siku hizo hapakuwa na mikorosho, na sasa mizizi imeikata kila mahali. Namfundisha kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Namtajia kila mzizi na kila kona, namwacha ajaribu, nasimama mbali nikimtazama. Juzi alifika nusu ya njia. Leo amebakiza kona moja. Anajifunza upesi.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mwanajuma binti Adamu